Vigingi Kumi na Kimoja vya Ung'eng'e, kwa Wanaodhani Wameshafika

Wagogo wanasimulia kwamba zamani tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito, akazama kwenye tope, akashindwa kutoka, na mji wa Dodoma ukapata jina kutokana na kule kuzama. Angalia vizuri lakini: tembo hakuzama akiwa njiani. Alizama akiwa ameshafika majini, ndiyo maana hakuona sababu ya kuangalia anapokanyaga.

Kiingereza cha wasomi wa jiji hili kimezama hapohapo. Simsemi anayeanza, huyo ana haki zake zote. Nakusema wewe. Una shahada mbili, moja ya kule Chimwaga na nyingine ya ng'ambo. Unaendesha kikao na wafadhili pale Mtumba bila kutoka jasho. Watoto wako wanapanda basi la njano, hawajui Mtakatifu Kayumba ni shule gani. Watu wanakuelewa, na msiba wako unaanzia hapo, maana anayeeleweka hasahihishwi na mtu. Kiingereza chako cha mwaka huu ni kilekile cha miaka kumi iliyopita, kimevaa suti tu.

Basi nimekupangia vigingi vilivyobaki kati yako na umahiri wenyewe, kuanzia kile cha kuruka kwa mguu mmoja hadi kile kilichowaangusha maprofesa. Upangaji ni wa haki kabisa: nimepanga mwenyewe, na rufaa hazisikilizwi. Kubisha ruksa.

11. Lafudhi

Nakianza hiki ili nikiondoe barabarani. Kila ofisi ina mtu mmoja aliyekwenda kozi ya wiki mbili Uingereza akarudi na lafudhi ya Marekani. Ilikotoka hakuna anayejua. Pengine aliipata wakati anabadilisha ndege Doha.

Sasa msikilize Joseph Conrad, Mpolandi aliyeanza kujifunza Kiingereza akiwa ameshavuka miaka 20. Aliandika riwaya ambazo Waingereza wenyewe wanafundishana vyuoni, na mpaka anafariki mwaka 1924 alikuwa akizungumza kwa lafudhi nzito ya kwao. Hakuna aliyempeleka kozi ya kutoa ulimi kwenye "th".

Hukumu: kigingi cha karatasi. Ongea na lafudhi ya Bahi, ya Mpwapwa, ya Manyoni, mradi sentensi yako inasimama kwa miguu yake. Aliyeleta lafudhi kutoka Doha airudishe.

10. Cheti

Wapo wanaoamini umahiri hukaa kwenye bahasha. Cambridge walianzisha mtihani wao wa ngazi ya juu kabisa mwaka 1913, ule ambao leo unaitwa C2 Proficiency. Ulichukua saa zipatazo 12, na ndani yake mlikuwa na tafsiri, insha, matamshi, vyote. Waliojitokeza ni watahiniwa 3. Waliofaulu ni sifuri.

Siku hizi tumepunguza presha. Kwenye IELTS ngazi inaishia 9, ambayo wenyewe wanaiita ya mtumiaji bingwa, lakini chuo kinataka 6.5 au 7, na wewe ukishaipata hiyo 7 kitabu kinarudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Tangu hapo hujawahi kuulizwa tena, nawe hujawahi kujiuliza.

Hukumu: cheti kinathibitisha kwamba Jumamosi moja, miaka kadhaa iliyopita, ulilala vizuri na ukanywa chai.

9. Saa

Kifupi tu. Hakuna Mtanzania, awe na shahada tatu, anayesikia "at two" bila ubongo kusimama kidogo ufanye hesabu ya sita. Tumelelewa na siku inayoanza jua linapochomoza, wenzetu siku yao inaanza usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Nani mwenye akili timamu hapo, tuliache.

Madhara yake tunayajua. Ofisa anaambiwa mahojiano ya mtandaoni ni saa "two", naye saa mbili asubuhi yuko mbele ya kompyuta, tai imekazwa. Amewahi kwa saa sita. Sidhani kama utumishi wa umma umewahi kuona jambo hilo.

Hukumu: kinatibika, lakini hakiponi.

8. The heading above is concerned

Hapa tusimame kidogo.

Chukua barua yoyote ya maombi iliyoandikwa kwa Kiingereza ndani ya jiji hili. Juu kulia anwani ya mwombaji, chini yake tarehe, kushoto anwani ya mkuu wa ofisi, kisha kichwa cha habari kwa herufi kubwa kilichopigiwa mstari kwa rula, na mstari wa kwanza wa barua unasema: "The heading above is concerned." Kila neno ni la Kiingereza. Sentensi ni ya Kiswahili. Mama yake mzazi ni "husika na kichwa cha habari hapo juu", na mtoto amefanana na mama mpaka dimpozi.

Mwingereza akiisoma anashtuka, maana kwake hilo neno la mwisho pia hutumika kwa mtu mwenye wasiwasi. Anabaki anajiuliza kichwa cha habari kimepatwa na nini, na kama kuna namna ya kukisaidia.

Barua inaendelea. Mwombaji ananyenyekea kwa ofisi tukufu, anatumaini ombi litapata jicho la huruma, anafunga kwa utii. Unyenyekevu huo wote tuliurithi kwa makarani wa mkoloni, waliokuwa wakimalizia kwa kujitangaza watumishi watiifu wa bwana mkubwa. Mwenye lugha alishaacha kuandika hivyo siku nyingi. Sisi tumeitunza barua yake kuliko tulivyotunza faili za viwanja.

Na sasa ona vituko. Umejifunza, umekuwa mahiri, unaandika kama wanavyoandika wao: "I am writing to ask for leave." Maneno saba, kazi imekwisha. Faili linakwenda kwa bosi, linarudi na wino mwekundu: mbona hujahusisha kichwa cha habari?

Hukumu: kigingi pekee kwenye orodha ambacho ukikiruka unaadhibiwa.

7. He na she

Kiswahili kina "a-" moja tu, na inamtosha kila mtu: amekuja, amelala, amekula mlenda wote. Mama, baba, shangazi, mbunge, wote humo. Kiingereza kinakudai umkague mtu jinsia kila unapofungua mdomo, hata kama habari yenyewe ni kwamba amechelewa basi.

Asubuhi unaweza. Kufika saa tisa alasiri, baada ya mawasilisho manne na wali wa kikao, breki zinakatika. Mkurugenzi mzima anawatambulisha wageni kwa mwenza wake: "This is my wife. He is a nurse." Wageni, kwa kuwa ni watu wa kisasa, wanatikisa kichwa kwa heshima zote na hawaulizi swali.

Hukumu: hakuna anayekosea kwa kutojua. Ndiyo maana hakuna wa kumfundisha.

6. Ndiyo ya Kiswahili na no ya Kiingereza

Mgeni anaingia ukumbini, anatazama huku na huku, anauliza: "Haven't they brought the projector?" Wewe, mtu mwungwana, unajibu "Yes." Kwa hesabu ya Kiswahili umesema kweli tupu: ndiyo, hawajaleta. Umekubaliana naye. Mgeni anashusha pumzi, anafungua kompyuta, anaanza kutafuta waya wa kuunganisha na projekta ambayo bado iko stoo, na mwenye ufunguo wa stoo amekwenda msibani Kondoa.

Mantiki ni yetu, nasimamia hapo. Kiswahili kinamjibu muulizaji: umesema kweli, au hukusema. Kiingereza kinampita muulizaji na kwenda kuijibu projekta. Ukiniuliza, adabu iko upande gani? Lakini lugha ni yao, na projekta haipo.

Hukumu: ukishaulizwa swali la kukanusha, usijibu kwa neno moja. Maliza sentensi. Watu wameshakosa chakula cha mchana kwa uvivu huu.

Mapumziko: waliovuka, na waliokosa nafasi

Kabla hatujaingia kipindi cha pili, wewe unayenung'unika kwamba haiwezekani, pokea majina mawili.

La kwanza ni Mwalimu Nyerere, shahada ya uzamili ya Edinburgh, 1952. Huyu hakuishia kukisema Kiingereza, alikwenda kumchukua Shakespeare mwenyewe. Mwaka 1963, Rais wa nchi changa, akatoa tafsiri ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akaongeza Mabepari wa Venisi. Halafu mwaka 1973 chama kikaamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na wizara zikaanza kufunga mizigo kwelikweli mwaka 2016. Kwa hiyo katika mambo mawili aliyotaka Mwalimu yahame, Shakespeare alionyesha utii zaidi kuliko makatibu wakuu.

La pili ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliyetua Uingereza kijana na Kiswahili chake, akafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, akaandika riwaya kwa Kiingereza hadi Nobeli ya 2021 ikamfuata. Riwaya yake ya Paradise, ya mwaka 1994, baadaye Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili ikiitwa Peponi. Isome kwa Kiingereza halafu utafute yale maneno makubwa unayoyajaza kwenye maandiko yako ya miradi. Ukiyapata niite.

Waliokosa nafasi kwenye orodha: "discuss about". Nilitaka kumpa kigingi chake, lakini wanaomtumia kati ya hapa na Singida ni wengi kiasi kwamba karibu atapata uraia. Amekosa pia yule anayesema chai ni "powerful" badala ya "strong". Huyu hajakosea sarufi yoyote. Chai tu ndiyo haijazoea.

5. Mkazo unaohamahama

Dodoma, Mpwapwa, Manyoni, Itigi. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kinakwenda zake, na ukiacha maneno machache makorofi kama "lazima", hakikusumbui tena maisha yako yote.

Kiingereza kinakupa PHOtograph. Umeshika? Mpiga picha ni phoTOGrapher. Ya kipicha ni photoGRAPHic. Neno moja, familia moja, mkazo unahama kuliko makao makuu. Sisi tunaupigilia msumari palepale tulipozoea, tunasema "deveLOPment", na mpango wa maendeleo wa miaka mitano unasomwa hivyo mwanzo hadi mwisho bila mtu kupepesa jicho.

Kibaya zaidi, silabi isiyokazwa kwao inamezwa. Sisi hatumezi kitu, kila irabu tuliyoilipia tunaitamka. "Comfortable" kwetu ina silabi nne zenye afya njema, wao wamebakiza tatu nyembamba, ya kati huioni.

Hukumu: huku ndiko Mwingereza anakokupotezea, si kwenye "r". Na kama ulifikiri hiki ndicho nilichokiita lafudhi kwenye namba 11, rudi ukasome tena. Lafudhi ni sauti yako. Huu ni mdundo wa lugha, na mdundo ukikosewa neno zima linageuka mgeni.

4. Maneno makubwa

Chanzo tunakijua: debati za sekondari. Ijumaa mchana, ukumbi umejaa, mada ni ileile ya tangu babu zetu, kwamba maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, na anayeshangiliwa si mwenye hoja. Anayeshangiliwa ni yule aliyemeza kamusi usiku kucha akaja kuitapika mbele ya wasichana wa kidato cha tatu. Neno moja lisiloeleweka lilikuwa na thamani ya hoja kumi. Tumekua, tumeota mvi, na bado tunaandika tukisubiri makofi.

Tazama sentensi mbili. Ya kwanza: "The commencement of the meeting was postponed owing to the non-attendance of the participants." Ya pili: "We put it off because nobody turned up." Ya kwanza anaiandika kila mwenye shahada, mkono wa kushoto, huku anaongea na simu. Ya pili ina maneno ambayo mtoto wa kidato cha pili anayajua yote moja moja, na mwenye shahada ya uzamivu haithubutu. Put off. Turned up. Vitu vidogo, vya kwao kabisa, vinavyotembea wawiliwawili. Ukibadilisha mwenzi, ndoa ina maana nyingine: put up ni kupandisha au kumlaza mgeni, put down ni kudhalilisha, put out ni kuzima moto, put up with ni kuvumilia, yaani hali ya mkewe yule jamaa wa "commencement".

Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la mwaka 1989, neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote halikuwa lile ulilolimeza kwa ajili ya debati. Lilikuwa "set". Herufi tatu. Hebu niambie kama uliwahi kulipigia mstari.

Hukumu: msomi huongeza maneno, mahiri huyapunguza. Hapa najua waheshimiwa wa Bunge wataninyanyukia kwa kanuni ya utaratibu. Naomba waketi.

3. Karanga za Kongwa

Ukitoka mjini kuelekea Morogoro, ukafika Mbande ukakata kwenda Kongwa, unaingia kwenye nchi ambayo Kiingereza kiliokota msemo wake mmoja kwa bei mbaya kuliko misemo yote.

Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imeshinda vita na haina mafuta ya kupikia. Serikali ya Clement Attlee ikaamua: tutalima karanga Tanganyika. Wakaja na matrekta, na askari waliomaliza vita, na hata vifaru vilivyovuliwa mizinga vikageuzwa mashine za kufyekea pori. Mibuyu ikawatoa jasho. Udongo ukawa na tabia ya kwao asiyoambiwa mgeni: ukikauka unakaza mpaka karanga zilizomo ndani hazichimbuliki. Mvua nazo zikawa zile za Kongwa, ambazo Mgogo yeyote mwenye ng'ombe wawili angewaeleza bila kudai posho ya kikao. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni zaidi ya milioni 36 za mlipakodi wa Uingereza zikawa zimelala hapo.

Tangu siku hiyo, mwanasiasa au mwandishi wa London akitaka kuponda mradi wa serikali uliokula fedha bila akili, anauita "groundnut scheme", basi. Haelezi. Msomaji wake wa rika fulani anacheka.

Hapa ndipo ngazi zinapoachana. Mwenye Kiingereza kizuri anakutana na huo msemo, anafungua kamusi, anapata karanga, anapata mpango, anajiuliza kilimo kimeingiaje kwenye habari ya uwanja wa ndege. Mahiri anajua lugha ina umbeya wa mtaa, na bila umbeya huo unaelewa kila neno na kukosa habari. Na mtaa wa Waingereza ni mpana. Kuna kriketi, ambayo wewe hujawahi kuitazama hata dakika tano, lakini mtu akiwa "on a sticky wicket" unatakiwa ujue amebanwa. Kuna Biblia ya Mfalme James, kuna Shakespeare, kuna vichekesho vya redio vya miaka ya hamsini. Mamia ya misemo, yote ugenini.

Mmoja tu ndio tunaochezea uwanja wa nyumbani, na hata huo wanafunzi wengi wa Dodoma hawaujui, ingawa babu zao walibebeshwa magunia ya mbegu.

Hukumu: Waingereza mamia, Kongwa 1. Lakini bao letu liligharimu milioni 36, na wamelipa wao.

2. The

Ndiyo, hili. Neno linalotokea mara nyingi kuliko neno lolote la Kiingereza, na Kiswahili kimeishi karne zote hizi, kimefanya biashara hadi Kongo, kimeandika tenzi ndefu, bila kulihitaji hata siku moja.

Najua kuna wanaosema hiki ndicho kilipaswa kuwa namba 1. Nawasikia. Walimu wengi wapo upande wenu. Nipeni aya moja.

Fungueni macho hapa hapa mjini. Tuna vyuo vikuu viwili maarufu, vyote vilianzishwa mwaka 2007. Kimoja ni the University of Dodoma. Kingine ni St John's University, na ukikibandika "the" unaonekana mshamba. Kwa nini? Hamna kwa nini. Nenda Bungeni. Ukiwaita wote the National Assembly, weka. Ukiwaita Parliament, toa. Watu ni walewale, viti ni vilevile, usingizi ni uleule. Mto Ruaha unapata, Ziwa Victoria halipati. Mlima Kilimanjaro haupati, milima ya Usambara inapata kwa sababu iko mingi, na Gambia inapata kwa sababu ni Gambia.

Wewe uliyefika ngazi ya juu unabahatisha vizuri, mara tisa kwa kumi. Ile ya kumi ndiyo yenye hatari. Mheshimiwa fulani amekwenda Isanga, gereza letu kuu, kukagua hali ya wafungwa. Ofisa habari wake anaandika taarifa kwa vyombo vya nje: "The Minister was in prison yesterday." Amesahau herufi tatu. Pamoja na "the", mheshimiwa alikuwa ziarani. Bila "the", mheshimiwa amefungwa, na simu zinaanza kuita kuanzia London hadi jimboni.

Hukumu: kanuni zipo, zinajaza vitabu, na aliyezaliwa na lugha hiyo hazijui hata moja. Muulize. Atakwambia "inasikika tu vibaya". Asante kwa msaada.

1. Kadri fedha zitakavyopatikana

Hiki ndicho, na sisogei.

Mwingereza akisema "that's very interesting", hajavutiwa. Akisema andiko lako ni "quite good", kalirudie. Akianza na "with the greatest respect", heshima imeshatoka mlangoni na kinachofuata ni tusi lililovaa tai. Akikwambia "perhaps you might like to look at the figures again", hiyo "perhaps" ni amri. Na akikuhakikishia "we'll certainly bear it in mind", jambo lako limezikwa, matanga yameondoka.

Mwenye Kiingereza kizuri anaelewa kila neno hapo, anatafsiri moja baada ya jingine, anaondoka na furaha. Nimeona mihutasari ya vikao iliyojaa ridhaa ambazo hazikutolewa na mtu.

Sasa ajabu ya ajabu. Kwa lugha yetu wenyewe sisi ndio mabingwa wa mchezo huu, na makao makuu ya mchezo yako hapa Dodoma, kipindi cha maswali na majibu. Mbunge anauliza: je, ni lini Serikali itajenga kituo cha afya katika kata fulani? Anasimama Naibu Waziri, anamshukuru Mheshimiwa Spika, anampongeza muulizaji kwa namna anavyowapigania wananchi wake, kisha anatamka kwamba Serikali itajenga kituo hicho kadri fedha zitakavyopatikana. Hakuna mtu ndani ya ukumbi, hakuna dereva aliyeko nje kwenye maegesho, hakuna bibi anayesikiliza redio Chamwino, anayedhani kituo kitajengwa mwaka huu. Wala hakuna anayesema amedanganywa. "Mchakato unaendelea." "Tumelipokea, tunalifanyia kazi." Mtoto wa darasa la nne anajua maana yake.

Kwa hiyo kipaji tunacho. Tunakiacha tu mapokezi, pamoja na kitambulisho, kila tunapoingia kwenye kikao cha Kiingereza. Mtu yuleyule aliyelijibu Bunge asubuhi kwa ufundi ule, mchana anakaa na wafadhili, anaomba fedha za kituo kilekile, na mama mmoja mwenye miwani anamtazama kwa upole na kumwambia ni wazo zuri sana, watalitazama "in due course, subject to the availability of funds".

Anarudi Mtumba mbio. Anaandika dokezo kwa bosi wake: wafadhili wamekubali kimsingi.